Zizi la Ndama Wasiokuwepo

Jumatatu, 26 Mei

Itangazwe, na walio karibu wawaambie walio mbali, kwamba leo asubuhi mimi Waitara, mkazi wa Gorong'a, mume wa mke mmoja na mwenye ng'ombe wachache lakini wenye adabu, nimekabidhiwa rasmi bustani ya mboga iliyo nyuma ya jiko. Makabidhiano yalihudhuriwa na kuku. Hotuba ilikuwa fupi. Teresia alikaa vizuri kwenye pikipiki, akakaza kitenge, akainyooshea bustani kidole na kusema, "Baba Jenipha, ni kazi ya siku moja." Pikipiki ikaondoka.

Amekwenda Mbalibali, kule Serengeti, kwa binti yetu Jenipha aliyejifungua. Anarudi Jumapili. Masika yamekwisha, jana nimeanika shati likakauka kabla sijamaliza kulalamika. Kiangazi kinaingia, na bustani inatakiwa iwe tayari: kung'oa magugu, kumwaga samadi, kuziba uzio ulioanguka upande wa kijito. Siku moja! Nina wiki nzima. Nimepumzika.

Kuna sharti, lakini. Nchagwa, jirani yangu wa mashariki, mwenye pampu ya maji na mdomo wenye nguvu kuliko pampu, ameomba alime hiyo bustani yetu kiangazi chote. Teresia amemjibu asubiri Jumapili. Akikuta imeandaliwa, tunalima wenyewe. Akikuta pori, anapewa Nchagwa. Amesema hivyo mbele yangu, na Teresia akishasema jambo mbele ya mtu wa pili huwa limepita kama sheria.

Kiangazi kilichopita mboga zote tulinunua kwa Nchagwa. Kila jioni ananifungia fungu langu, anaongeza majani mawili juu, halafu anasema kwa sauti ya mkutano wa hadhara, "Chukua, mura. Najua hali." Mura, yaani kijana, mimi baba wa binti aliyeolewa! Sasa mwaka huu niende kununua sukuma wiki iliyoota kwenye udongo wangu mwenyewe? Tena niongezewe majani mawili?

Kamwe!

Jumanne, 27 Mei

Kumetokea tatizo. Si uvivu. Naandika hapa kwa kuwa kwingine hakuna atakayeamini. Tatizo ni heshima.

Hapa kwetu bustani ya mboga ni ya mama mwenye nyumba. Mwanaume ana ng'ombe, ana mahindi, ana maoni. Mseti, mtu mzima, mwenye ndevu, alikutwa siku moja anapalilia chinsaga, ile mboga chungu tunayoipenda, kwenye bustani ya mkewe. Mpaka leo pale senta anaitwa Mama Mseti. Ana wajukuu.

Kwa hiyo niliamka kabla ya watu. Akili hiyo. Jembe mkononi, kofia nimeivuta mpaka puani. Nikainama. Nikalima pigo la kwanza, zuri kabisa. La pili sikulipiga.

"We mura! Unafanya nini humo?"

Mzee Mwikwabe. Huyu ni mzee wa Nyanungu aliyehamia kwetu zamani, na usingizi hana. Sijui analala lini. Nikampa shikamoo. Akaniuliza tena. Nikamwambia natafuta kuku. Akauliza jembe la nini. Nikasema la kufyekea pale alipojificha. Mzee akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa, akaegemeza fimbo yake, akaingia kunisaidia.

Tukatafuta kuku. Wakapita akina mama wa kisimani, wakaambiwa, wakatua ndoo. Wakapita vijana wa shule, wakazingira upande wa kijito. Watu wa Gorong'a wana upendo, tatizo ni kwamba hawachoki. Jua likapanda. Tukavuka mpaka kwenye shamba la mahindi, na huko, jamani, kuku akapatikana! Wa Nchagwa. Nimekwenda kumrudisha mwenyewe, nimembeba kwapani, huku Nchagwa akiuliza kwa upole mwingi kuku wake alikuwa anaelekea wapi na mimi.

Bustani imelimwa pigo moja. Ni mwanzo.

Jumatano, 28 Mei

Nimepata wazo. Nimelitazama huku na huku, halina tundu.

Risaga! Unaalika majirani, wanakuja na majembe na mapanga, wanakufanyia kazi ya wiki kwa siku moja, na wewe unawalisha. Babu zetu hawakuwa wajinga. Lakini mwanaume gani atakuja kwenye risaga ya bustani ya mboga? Hata Mseti hatakuja. Nikiwaalika akina mama, watanicheka wao, halafu watampigia Teresia simu wacheke naye.

Ndipo likaja la pili, juu ya lile la kwanza. Natangaza risaga ya kujenga zizi! Zizi la ndama. Hebu nilipime. Kujenga zizi kunataka nini? Kufyeka, kung'oa magugu, kusawazisha. Hiyo ni bustani. Kunataka uzio wa nguzo na miiba. Bustani pia. Wakishamaliza na kushiba na kwenda kwao, mimi naweka samadi kwa siri, Teresia anashuka kwenye pikipiki, anakuta kazi imekwisha. Ndama wanakuwa wamebadilisha mawazo.

Nimekwenda kwa dada yangu Wegesa, maana mpishi ni lazima. Ni dada mkubwa, kwake bado nina miaka saba. Alinisikiliza akichambua maharage. Akauliza ndama hao wanakula nini. Nikasema majani. Akauliza kama ni majani ya sukuma wiki.

Sikuwa na namna, nikamweleza yote. Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Waitara, kulima kale kabustani ni asubuhi moja. Risaga ni kupika siku mbili. Umeona kazi iliyo ndogo ni ipi?" Nikamwambia yeye hana jicho la mipango mikubwa. Akakubali kupika. Alikubali haraka kuliko nilivyotegemea, nikajua nimemshawishi.

Jioni nimepita senta nikatangaza. Wakauliza ndama wanatoka wapi. Sikuwa nimefika kwenye swali hilo. Nikasikia mdomo wangu ukisema wanatoka kwa mkwe wangu Erasto, mume wa Jenipha, kwa furaha ya mtoto aliyezaliwa. Benchi zima likapiga makofi. Mkwe wa kujitolea ndama! Watu walinishika mkono. Kusema kweli hata mimi nilimpenda Erasto kwa muda ule.

Alhamisi, 29 Mei

Matayarisho. Wegesa amechinja mbuzi wangu. Nilikuwa nimesema maharage. Akasema risaga ya zizi haili maharage, na kama nataka maharage nitangaze risaga ya mboga. Nikaenda kupasua kuni.

Nchagwa kaja hadi uani. Alizunguka bustani, akaikanyaga hapa na pale kama anayenunua. Akasema anashangaa: mtu ana uwanja mkubwa kavu pale mbele, anakwenda kujenga zizi kwenye udongo mweusi wa kijitoni. Nikamwambia ndama wa Serengeti wamezoea kusikia maji. Akauliza kama ndio basi hatupandi mboga kabisa mwaka huu. Ningemjibu nini? Nikasema ufugaji ndiyo mambo ya sasa. Akatabasamu. Akasema kesho atakuja mwenyewe kufanya kazi, tena wa kwanza.

Mpinzani wangu anakuja kuniandalia bustani kwa mikono yake! Nimekula vizuri usiku huu.

Ijumaa, 30 Mei

Nimechoka. Si kwa kazi. Sikuruhusiwa kufanya kazi. Mwenye risaga anatembea tu akisalimia.

Walikuja! Niliwategemea wachache, wakaja kama wa harusi. Hadi saa nne magugu yote yalikuwa yamekwisha. Nilisimama nikajisikia kama mkuu wa mkoa. Mashina ya zamani ya sukuma wiki niliwaomba wayaache, kwa ajili ya kivuli. Wakasema kivuli gani cha sukuma wiki, wakang'oa. Nyanya chungu za Teresia nazo zikaenda. Sawa. Kazi kubwa haikosi hasara.

Nguzo zikasimama. Miiba ikapangwa, mizito, hata chui angeomba njia. Nikawaza: basi! Nikawaambia wamefanya vyema, karibuni chakula. Mzee Mwikwabe, aliyejiteua msimamizi, akauliza kwa mshangao kwani sakafu je.

Sakafu.

Zizi linashindiliwa. Nilijua hilo tangu nikiwa mtoto, lilinitoka tu kichwani kwa sababu nilikuwa naona sukuma wiki. Wakaleta magogo. Wakajipanga mstari, wakaanza kuimba, na kwa kila kiitikio wakapiga chini. Udongo wangu mweusi, laini, wa kijitoni! Nikakimbia kwenda kuwaambia ndama wa Erasto wana kwato laini, wanataka chini pawe laini. Watu walicheka mpaka wimbo ukakatika. Mtu mmoja akaniuliza kama nitawatandikia na shuka. Nchagwa ndiye aliyepiga kwa nguvu kuliko wote. Alipiga huku ananitazama.

Walipokuwa wanakula mbuzi wangu, mzee Mwikwabe akasimama. Akasema kwao Nyanungu zizi jipya halilali tupu usiku wa kwanza, maana likilala tupu linazoea. Nikasema kwa heshima kwamba ndama bado wako Mbalibali. Akasema basi waingizwe ng'ombe wengine washike nafasi. Nikataja wangu. Wangu hawafai, akasema. Ng'ombe wa mwenye zizi hawafungui zizi. Lazima wawe wa jirani. Tena jirani wa upande wa mashariki.

Kila mtu akamgeukia Nchagwa.

Nchagwa akaweka mfupa chini, akajipangusa mikono, akasema yeye hana roho mbaya. Walipitia langoni mmoja mmoja, kundi lake lote, na fahali mbele. Watu wakapiga vigelegele. Mimi pia nilipiga. Ningefanyaje?

Jumamosi, 31 Mei

Asubuhi nimekwenda kutazama. Nimerudi. Nimekunywa chai. Nimekwenda tena kutazama. Ni vilevile.

Yale matumaini ya kuokoa hata kona moja yamekwisha. Ng'ombe wamelala kila mahali, wamefanya kila jambo ambalo ng'ombe hufanya, na wamefanya kwa wingi. Buti liliingia nikalitoa kwa mikono miwili.

Nimemwendea Nchagwa nikamwomba kwa ustaarabu atoe mifugo, usiku wa kwanza umepita. Akasema hana haraka. Kumbe amepata nafasi ya kukarabati zizi lake mwenyewe, vijana wake wako juu ya paa la kibanda cha kukamulia wanapigilia misumari. Akanishukuru. Akasema nimemsaidia sana, na kwamba kiangazi hiki nikihitaji mboga nisione haya, mimi ni jirani.

Nikaona nimkomeshe. Nikamwambia aondoe ng'ombe kwa sababu ndama wanafika kesho.

"Kesho Jumapili?"

"Kesho."

Akasema vizuri sana, basi kesho hiyohiyo atakuja kuwatoa wake, aone na hao wanaoingia. Atamleta na mzee Mwikwabe. Atawaambia na wa kanisani wapitie baada ya ibada.

Sasa nina kesho ifuatayo: Teresia anarudi, ndama hawaji, na kanisa linakuja.

Nimempigia Erasto. Mkwe hupaswi kumsumbua, lakini hali ni hali. Nilitaka kumuuliza kijanjajanja kama ana ndama. Simu ikapokelewa na Teresia. Nikasema nilitaka kumjulia hali mtoto. Akasema mtoto mzima. Akauliza bustani. Nikasema, Mama Jenipha, huwezi kuitambua.

Hilo halikuwa uongo.

Jumapili, 1 Juni

Naandika usiku, watu wamekwisha kwenda kwao.

Saa saba mchana ua ulikuwa umejaa. Nguo za kanisani. Nchagwa mbele kabisa na fimbo yake. Nilikuwa nimeandaa maneno kuhusu daraja lililobomoka huko njiani, ndama wamekwama ng'ambo, wanalia. Maneno mazuri. Sikuyatumia.

Zikaingia pikipiki mbili. Ya kwanza Teresia. Ya pili, Mungu wangu, Erasto mwenyewe, na jogoo wa zawadi.

Watu wakamkimbilia. Mkwe wa mfano! Mwanaume! Akina mama wakampigia vigelegele, mzee Mwikwabe akamshika mabega akamwambia vijana wa siku hizi hawana moyo kama wake. Erasto, kijana wa watu, mwenye haya, akawa anashukuru tu bila kujua anashukuru nini. Alinifikia akainama. "Shikamoo baba." Halafu polepole, karibu na sikio langu: "Baba, ndama gani?"

Nikampokea jogoo.

"Bado wananyonya," Teresia akasema.

Alisema hivyo bila hata kutua mkoba. Akasema ndama bado wadogo, wananyonya, mama zao hawajawaachisha, wangeletwaje wafie njiani? Watakuja wakikua. Watu wote wakaona ana hoja. Hata mimi niliona ana hoja. Ndipo akamgeukia Nchagwa, akamshukuru kwa ukarimu, akamwambia sasa anaweza kuchukua mifugo yake, zizi lilishafunguliwa na baraka imeingia.

Ng'ombe wakatoka. Teresia akavua viatu, akaingia mle ndani na gauni lake la safari. Akainama. Akachota kiganja kizima cha ule uchafu, akaunusa, akawaita wanawake wenzake waje wanuse.

Nchagwa alikuwa amesimama langoni, anaangalia samadi ya kundi lake lote, ya usiku mbili, imelala kwenye bustani aliyokuwa anaitaka, ndani ya uzio aliosaidia kuujenga kwa mikono yake.

"Shemeji Nchagwa," Teresia akasema, "kiangazi hiki usihangaike na bustani yetu. Tutalima wenyewe. Ukikosa mboga, pita. Wewe ni jirani."

Wanaume wa senta walikuwa wamesimama palepale. Teresia akanipa jembe mbele yao. Nikasubiri jina langu jipya. Mseti ndiye aliyecheka kwanza, tena kwa raha kubwa, halafu akavua koti lake la kanisani, akalitundika kwenye nguzo na kusema nimpishe, siwezi hata kushika mpini.

Jumanne, 3 Juni

Bustani imekwisha. Tulilima jana asubuhi, mimi na Teresia, na Mseti upande wa kijito. Chini palikuwa pagumu kama barabara ya lami, tukalowesha kwanza. Hadi chakula cha mchana matuta yalikuwa yamelala. Teresia anasema tuyaache majuma kadhaa samadi ipoe, isichome miche, ndipo tupande. Chinsaga, sukuma wiki, vitunguu pembeni. Maji tunayo, kijito kiko palepale.

Pale senta nimeshaeleza kwamba yote ulikuwa mpango wangu tangu mwanzo: kumvuta Nchagwa alete samadi yake mwenyewe kwa miguu ya ng'ombe wake mwenyewe. Wamenisikiliza kwa heshima. Nadhani ni heshima. Mmoja aliniita Mama Jenipha, lakini alisema kwa sauti ya chini.

Hapa lakini naandika ukweli, maana Teresia hasomi mwandiko wangu.

Ukweli ni huu. Jumatano ileile, kabla sijafika nyumbani kutoka kwa Wegesa, Wegesa alikuwa ameshampigia Teresia. Teresia alicheka, akauliza nitaalika watu wangapi, akamwambia dada akubali kupika na achinje mbuzi, waje wengi. Kisha akampigia mzee Mwikwabe. Nyanungu hakuna desturi yoyote ya zizi kutolala tupu. Mzee amekiri leo mwenyewe, akinywa uji jikoni kwetu. Aliambiwa atafute njia ng'ombe wa Nchagwa walale pale, na hayo ya upande wa mashariki aliyaongeza kwa sababu aliona yanapendeza. Erasto peke yake ndiye hakuambiwa, kwa kuwa, Teresia anasema, uso wake haujui kudanganya. Mimi pia sikuambiwa. Nimemuuliza kwa nini. Ameniambia mimi uso wangu unadanganya, tatizo ni kila kitu kinachofuata.

Kwa hiyo mke wangu, akiwa Mbalibali, na mtoto mchanga mapajani, amepata uzio mpya, samadi ya kundi zima, na watu wa kufyeka, na mimi nimepoteza mbuzi na nyanya chungu. Na bado, kusema haki, kiangazi hiki sitanunua mboga kwa mtu.

Nimekaa nikatafakari nilipokosea. Nimetafakari kwa uaminifu kabisa, kuanzia kuku hadi sakafu. Mpango wenyewe ulikuwa mzima. Kosa ni moja tu: nilimwambia Wegesa.

Sasa kijiji kizima kinasubiri ndama waache kunyonya, na kila ninayekutana naye ananiuliza wamefikia wapi. Mtu mwingine angekwenda akakiri. Mimi nimeshapata njia, na safari hii haina tundu hata moja. Wegesa hatajua neno. Wala Teresia, wala mzee. Nimemdokeza Masele peke yake, yule mchimba dhahabu aliyekuja kutoka Shinyanga na kupanga chumba kwa Wegesa. Huyo ni mgeni hapa. Hana wa kumwambia.